Kombe la Wasomi

Aprili iliyopita niliendesha gari kutoka kwangu Sterling, Virginia, hadi upande wa Maryland, nikavumilia foleni ya Jumamosi kwenye Beltway, ile barabara kuu inayozunguka Washington, ili nikapigiwe makofi. Chuo chenyewe ni kidogo, hakiko mbali na kile chuo kikuu cha jimbo pale College Park, nami nilisoma pale mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya elfu mbili. Jina lake silitaji, kwa sababu tangu wakati ule nimesoma vya kutosha kujua kwamba yaliyotokea pale hayakuwa ya pale peke yake. Wametundika picha ya timu yetu kwenye jumba la michezo, kati ya mashine ya soda na mlango wa choo cha wanawake, na chini yake wameandika kwamba sisi ndio wasichana wa kwanza wa chuo kile kutwaa makombe yote mawili ya konferensi katika msimu mmoja, la mbio za nyika na la wasomi. Binti mmoja wa ofisi ya michezo, ambaye nadhani alikuwa mtoto mchanga tulipokuwa tunakimbia, alishika kipaza sauti akasema sisi ni ushahidi kwamba akili na miguu vinaweza kwenda pamoja. Wenzangu wa zamani, wanawake wa makamo sasa kama mimi, walinikumbatia na kulia kidogo. Nilikula keki yao. Njiani kurudi nilisimamisha gari kwenye kituo cha mafuta karibu na Falls Church kwa sababu nilihisi nataka kutapika, na sikuwa mgonjwa.

Nilipofika nyumbani nilikaa mezani nikatafuta jina la hisia ile, maana mimi si mtu wa kutumia neno kubwa mahali padogo. Haikuwa hasira, hasira hutaka kumpiga mtu, na mimi sikutaka kumpiga yeyote. Haikuwa huzuni pia. Ilikuwa kinyaa, kile kinachokupata ukigundua unywele kinywani baada ya kumeza tonge. Chebet, ambaye alikuwa nahodha wetu, hakuja kwenye sherehe ingawa haishi mbali. Asubuhi ile alinitumia ujumbe mmoja tu: “Nisalimie huo ukuta.” Naandika haya hasa kwa ajili yake, kwa sababu picha ile inamwonyesha akicheka, na mtu asiyejua ataamini.

Nilikuwa nimefika kutoka Tanzania mwezi wa Agosti, kwa ufadhili wa wakimbiaji. Joto la Washington, lile la kubandika nguo mgongoni, lilinishangaza, kwani niliambiwa nakwenda nchi ya baridi. Walinipeleka kwenye nyumba ya chuo iliyokuwa nyuma ya uwanja wa mbio, nyumba ya mbao yenye zulia la rangi ya uji wa ulezi ambalo sijui kama liliwahi kuoshwa. Harufu yake ninayo hadi leo: dawa ya kuchua misuli, viatu vibichi vilivyopangwa dirishani, na bisi za siagi zilizoungulia kwenye maikrowevu. Wasichana wawili wa Kimarekani waliishi juu. Mimi na Chebet tulipewa vyumba vya chini, ambako ukuta ulitoa jasho kama mtu. Nilimkuta jikoni. Alikuwa Mkenya wa Nandi, mwaka wa nne, mrefu, mwenye sauti nene na tabia ya kuzungumza nawe huku amekupa mgongo. Alikuwa anasonga ugali wa unga alioununua kwenye duka la Walatino pale Langley Park, na pembeni alikuwa amekatakata yale majani mapana ya Wamarekani, nyembamba kabisa, yakakubali kuwa sukuma. Nilimwambia samahani dada, kama hutojali, naomba chumvi kidogo. Aligeuka, mwiko mkononi.

“Nyinyi watu wa Bongo,” alisema, “mnaomba chumvi ni kama mnaomba visa. Chukua tu, bana.”

Kuanzia siku hiyo jina langu, Yustina, likafa. Akaniita Visa mwaka mzima, hata mbele ya kocha, na kocha naye akaanza kuniita hivyo bila kujua maana yake.

Lazima nieleze konferensi ni nini, kwa sababu bila hiyo mengine hayaeleweki. Kule vyuo hujiunga katika makundi na kushindana vyenyewe kwa vyenyewe, na kila kundi lina kamishna wake, nembo yake na kiburi chake. Letu lilikuwa kundi la vyuo vidogo visivyoweza kujivunia viwanja vikubwa wala televisheni, kwa hiyo vilijivunia masomo. Kauli yao, iliyoandikwa hadi kwenye chupa za maji, ilikuwa kwamba kwetu mwanafunzi humtangulia mwanamichezo. Ili kuithibitisha, katika kila mchezo walitoa makombe mawili: moja kwa waliofika mbele, na lingine, Kombe la Wasomi, kwa timu ambayo wastani wa alama za darasani za watu wake wote ulizidi wa timu nyingine. Nilipolisikia jambo hili mara ya kwanza lilinipendeza sana. Nilikuwa nimesoma kemia sekondari nzima katika shule isiyo na maabara, mwalimu akituchorea ubaoni bomba la majaribio na moto chini yake kwa chaki nyekundu, na nilichotaka kuliko vyote ni kuuona moto wenyewe. Nilitaka kuwa mfamasia. Miguu ilikuwa nauli.

Usajili wa masomo wa kila mwanamichezo ulikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao mshauri wetu wa masomo, Bi Lorraine. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye bakuli la peremende lenye umbo la mpira wa kikapu, na ofisi yake ilikuwa na ubaridi wa mashine uliochanganyika na harufu ya mshumaa wa vanila. Nilimwambia nataka kemia. Alisema kemia ina maabara, na maabara ni mchana, na mchana ni mazoezi. Nikamuuliza kama hakuna maabara ya asubuhi. Ilikuwepo, siku ya Ijumaa, lakini Ijumaa ndiyo siku ya safari za mashindano. Kisha akaniambia, kwa upole uleule, kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea na kwamba tuulinde wastani kwanza. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuusikia msemo huo, kuulinda wastani, na niliuelewa kama mtu anavyoelewa kuulinda moyo, kitu chako mwenyewe cha ndani. Akanipangia Utangulizi wa Burudani, Afya ya Mtu Binafsi, Historia ya Michezo, na la mwisho, ambalo alilitaja kwa tabasamu la mtu anayetoa zawadi, Kiswahili cha Kuanzia. Nilidhani ananitania.

“Utapata A bila kutoka jasho,” alisema. “Wote kutoka kwenu huwa tunawaanzishia hapo.”

Nilipomsimulia Chebet alicheka mpaka akaegemea friji. Kumbe naye alipitishwa hapo, na akapata B, kwa sababu mwalimu hakukikubali Kiswahili chake cha Eldoret. Hiyo ndiyo B yake pekee katika miaka yote minne. Alama nyingine zote zilikuwa A, katika masomo ambayo majina yake sikuweza kuyatafsiri bila kuona aibu: namna ya kuandaa bonanza, saikolojia ya ushangiliaji, usimamizi wa kambi za watoto.

Darasa la Kiswahili lilikuwa la jioni, na mwalimu wake aliitwa Profesa Walter, Mmarekani mweusi mwenye mvi aliyejifunza lugha hii ujanani hapohapo Washington, katika chumba cha chini cha kanisa, kisha akaja kuinolea Dar es Salaam. Alikizungumza kama msoma taarifa ya habari, kila neno limepigwa pasi. Siku ya kwanza alituzungukia mmoja mmoja tusalimie. Vijana wa mpira wa miguu wa Kimarekani wakasema jambo, wakasema mambo, mmoja akasema hakuna matata na darasa likacheka. Ilipofika zamu yangu nilisimama nikamwamkia shikamoo. Alivua miwani, akaitikia marahaba polepole, kama mtu aliyekuwa ameliweka neno hilo mahali pa usalama kwa miaka mingi. Kipindi kilipokwisha aliniita pembeni akaniuliza, “Bibie, umetumwa kunikagua?” Nilimweleza jinsi nilivyofika pale. Hakucheka. Aliniambia kwamba Kiswahili anakifundisha kwa mapenzi tu, kwa kuwa hakuna mwingine, na kwamba kazi yake hasa ni kemia. Nilimwomba palepale niingie kwenye darasa lake la asubuhi, nikae nyuma, bila jina. Alikubali. Maabara hakuweza kunipa, kwa sababu mtu asiyesajiliwa akiungua hakuna wa kumbebea lawama. Akaniazima kitabu chake cha zamani, kikubwa kama tofali la kuchoma.

Ndivyo nilivyoanza kujifunza kwa namna ambayo nimejifunza nayo kila kitu tangu hapo, nikiwa kiti cha nyuma, jina langu halipo. Wanamichezo wote tulilazimika kukaa kwenye ukumbi wa kujisomea jioni, chumba kisicho na madirisha chini ya jukwaa la watazamaji. Uliingia kwa kupitisha kadi kwenye kimashine na kutoka kwa kuipitisha tena, na saa zilizokaa katikati ndizo zilizoitwa masomo. Hakuna aliyeuliza ulisoma nini. Wavulana wa mieleka walilala wamefunikwa na taulo, wengine wakitafuna tambi baridi za chumba cha chakula kwenye vifuko, na chumba kizima kilinuka soksi na mchuzi wa nyanya. Saa zetu zilijumlishwa zikapelekwa kwa kamishna, naye akaziweka kwenye taarifa yake. Mimi nilisoma kitabu cha Profesa Walter kwa kamusi pembeni, ukurasa mmoja jioni nzima pengine. Asubuhi nilikaa nyuma ya darasa lake. Mchana timu ilipopita mbio nyuma ya jengo la sayansi niliona kupitia vioo wanafunzi waliovaa miwani mikubwa, na mara moja niliona moto wa bluu. Nilipunguza mwendo ili niutazame, wenzangu wakanipita. Kocha akapiga filimbi.

Kocha wetu, Randy, hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Alikumbuka siku za kuzaliwa. Baada ya mazoezi magumu alitutumbukiza kwenye mapipa ya barafu katika chumba cha wauguza misuli, na kati ya mapipa na meza za kuchulia palikuwa na pazia tu. Jioni moja ya Oktoba nilikuwa ndani ya pipa, meno yakigongana, aliposimama upande wa pili wa pazia na Bi Lorraine. Nadhani walijua kuna mtu, lakini walijua pia ni mimi, na waliamini Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu.

“Yule mpya ameulizia tena kemia,” Bi Lorraine alisema.

Kocha alitaka kujua ningepata alama gani. Akajibiwa kwamba pengine C, kwa Kiingereza kile.

“C moja inatula,” kocha alisema. “Tuko pointi kidogo tu nyuma kwenye Kombe la Wasomi. Mpe moyo, atasahau. Chebet naye si alilia kwa kemia hiyohiyo? Sasa mwangalie.”

Nilikaa kwenye barafu zaidi ya ilivyotakiwa. Nilikuwa nadhani wananizuia kusoma ili nikimbie; hilo ningeweza kulielewa, maana kukimbia ndiko kulikonileta. Sasa nilielewa kwamba wananizuia kusoma ili chuo kipewe kombe la kusoma. Nimesoma mengi tangu siku ile, nimesoma mitandao ya kompyuta, takwimu na umeme bila mwalimu, nikapata kazi kwenye majengo ya seva huku Dulles kwa mitihani niliyojiandalia mwenyewe, lakini sijakutana bado na mashine iliyoundwa vizuri kiasi kile kufanya kinyume cha kilichoandikwa juu yake. Na kila aliyeiendesha alikuwa anatabasamu.

Chebet alikuwa anakatakata vitunguu nilipomuuliza. Alisema hakulia mwaka mzima, alilia kidogo tu, na kwamba kocha anapenda kuongeza chumvi. Mwanzoni alitaka uuguzi. Bado anautaka. Ila aliamua kutumia akili: achukue digrii yao, achukue A zao, halafu aombe shule ya uuguzi akiwa na wastani ambao hakuna wa kuutemea mate. Nilimuuliza kama shule hizo hazitataka kemia. “Kimbia, Visa,” aliniambia, bado amenipa mgongo. “Hawa watu wanaangalia namba tu. Hata huko wataangalia namba.” Nilitaka kumwamini. Alikuwa ameishi pale miaka mitatu kabla yangu, na alikuwa nahodha.

Novemba tulishinda mbio za konferensi kwenye bustani moja ya Virginia, kwenye tope lililovuta viatu miguuni. Nilifika wa tatu, Chebet wa kwanza, nikatapika juu ya soksi zangu mwenyewe huku watu wakinipongeza. Januari ikatangazwa kwamba tumepata na Kombe la Wasomi. Picha ya ukutani ilipigwa wakati wa mapumziko ya mchezo wa kikapu, mbele ya watu waliokuwa wanasubiri soseji. Chebet alipewa kombe hilo alinyanyue. Alilitarajia zito, akatumia nguvu, kumbe lilikuwa plastiki iliyopakwa rangi ya fedha, likaruka nusura limpige usoni. Ndicho anachokicheka.

Majibu ya shule ya uuguzi yalikuja mwezi wa tatu. Hayakuja kwa barua; alichoka kusubiri akapiga simu mwenyewe, jikoni, sauti ikiwa wazi kwa sababu mikono yake ilikuwa kwenye maharage. Mwanamke wa upande wa pili alikuwa na adabu sana. Alisema ameliona ombi, ameuona wastani, hajawahi kuona wastani kama huo. Kisha akaanza kutafuta. Tulimsikia akibonyeza vitufe vya kompyuta. Aliuliza kama kemia iko kwenye ukurasa mwingine. Aliuliza kuhusu anatomia. Aliuliza kuhusu mikrobiolojia, na hapo sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayezungumza na mgonjwa. Akamuuliza Chebet kama masomo haya aliyachagua mwenyewe. Chebet alimshukuru, akafuta mkono kwenye suruali, akakata simu.

“Amesema nianze kidato cha kwanza,” aliniambia. Hakuwa anatania. Aliendelea kukoroga. Maharage yalikuwa yameshika chini na jikoni pakaanza kunuka moshi, nami sikuthubutu kumwambia. Tuliyala hivyohivyo, machungu. Leo Chebet ni muuguzi wa wodi ya wazazi, na ni mzuri; lakini kabla ya hapo aliwaosha wazee wa watu miaka mingi huko Silver Spring huku akisoma kemia jioni, pamoja na vijana waliozaliwa yeye akiwa tayari anakimbia. Miaka hiyo haiko ukutani.

Aprili konferensi ikatualika chakula cha jioni kwenye hoteli moja karibu na Tysons. Vitambaa vilikuwa vyeupe, kuku alikuwa na ngozi inayoteleza, na mchuzi ulikuwa umeshaganda pembeni ya sahani kabla hatujakaa. Kamishna, mwanamume mwenye mikono safi kuliko yoyote niliyowahi kuona, alizungumza kirefu. Alisema wengine wanawatumia vijana, sisi tunawajenga. Alisema anamtaka kila mzazi ajue kwamba mwanawe akija kwetu atatoka na kitu ambacho goti likivunjika hakivunjiki. Kisha akamwita Chebet, msomi-mwanariadha wa mwaka wa konferensi nzima, akamkabidhi ngao. Watu wakasimama. Kwenye meza ya mbele, nilimwona Profesa Walter naye anasimama na kupiga makofi. Sikuwa najua kwamba ndiye mwakilishi wa walimu kwenye konferensi ile. Macho yetu yalipokutana mikono yake ilipunguza kasi, ikaacha. Akatazama kuku wake.

Baadaye kamishna alizunguka meza akishika watu mikono. Alimshika Chebet, akamuuliza sasa anaelekea wapi. Chebet akamwambia anatamani kuwa muuguzi.

“Safi sana,” kamishna alisema. “Kwa alama hizi, mlango gani utakufungia?”

“Yote, bwana,” Chebet alisema. “Imefunga yote.” Akamweleza kwa Kiingereza kitulivu, bila kupandisha sauti: hana kemia, hana anatomia, kila mwaka aliomba na kila mwaka akaambiwa aulinde wastani, na wastani wenyewe ndio hii ngao hapa mezani.

Kamishna hakuuachia mkono wake. Tabasamu halikumtoka pia. Lilibaki pale lilipokuwa, kama taa ambayo mtu amesahau kuizima. Akasema, “Lakini umejifunza kushindana.” Akahamia meza nyingine. Chebet akauangalia mkono wake, akachukua kitambaa cha meza, akaufuta, kidole kwa kidole.

Wiki iliyofuata nilikwenda ofisini kwa kocha nikamwambia kwamba mwaka ujao nitasoma kemia, pamoja na maabara yake ya mchana. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa Kiingereza, nikayasema yote bila kusimama. Alishangaa zaidi kwa Kiingereza kuliko kwa ombi. Alinipa kiti. Alisema hakuna anayenikataza kusoma, hajawahi kumkataza mtu kusoma, ila ufadhili wangu unahuishwa kila mwaka kwa pendekezo lake, na hawezi kumpendekeza mkimbiaji asiyekuja mazoezini. Isingekuwa haki kwa wenzangu. Alitaka nielewe kwamba uamuzi ni wangu. Nilimwambia nimeelewa. Akaniuliza kwa dhati kabisa kama kuna mtu aliyenikosea. Nimelifikiria swali hilo mara nyingi, na ninachokumbuka ni kwamba nilimtafuta mtu huyo mle ofisini, nikamkosa, nikasema hapana. Sikurudi Agosti. Nilijiandikisha chuo cha wilaya, somo mojamoja, hadi nacho kikanishinda, na yaliyobaki nimeyasoma mezani kwangu.

Lakini kabla ya kuondoka nilimwomba Profesa Walter kitu kimoja, nifanye mtihani wa mwisho wa kemia kama wengine. Aliniambia kwamba kila mwaka konferensi ilimletea taarifa yenye wastani na saa za ukumbi wa kujisomea, na kila mwaka aliitia sahihi, kwa furaha, kwa sababu aliona majina ya watoto wa Kiafrika juu kabisa. Alilisema hilo kwa Kiswahili chake kilichopigwa pasi, na safari hii kilikunjana. Sikumwambia kwamba si kitu. Aliniwekea kiti kwenye kona, akaniwekea karatasi. Kesho yake akanirudishia imesahihishwa kwa kalamu nyekundu, kwa ukali uleule aliowapa wengine. Ilikuwa C. Haikuingia popote, haikumwangusha mtu, haikumpandisha mtu, na ndiyo alama ya kwanza niliyoipata pale ambayo niliijua ilikotoka.

Nyumba ilikuwa imebaki tupu. Wasichana wa juu walikuwa wameshaondoka na viti vyao. Chebet alikuwa jikoni akifunga sufuria kwa magazeti, na joho lake la mahafali, pamoja na utepe wa dhahabu wa wanafunzi bora, lilikuwa limetupwa juu ya friji. Aliiona karatasi mkononi mwangu akaichukua. Niliona aibu, nikaanza kueleza habari ya Kiingereza na ya maabara, akanyoosha kiganja ninyamaze. Aliisoma yote, akarudi mwanzo, akaisoma tena, midomo ikitembea. Sikuwahi kumwona akisoma kitu hivyo. Akaweka kidole kwenye swali la moli, kile kipimo cha kemia cha kuhesabia chembe, ambalo nililipata.

“Hii ulifanyaje?”

Nilimwambia ni kuhesabu tu, ila vitu vyenyewe ni vidogo mno, kwa hiyo unavipima uzito badala ya kuvihesabu.

“Usiniambie. Nionyeshe.”

Alilifungua gazeti alilokuwa amefungia sufuria, akalinyoosha sakafuni, akatafuta pembe isiyo na maandishi. Nje mashine ya kukata nyasi ilikuwa inazunguka uwanja wa mbio. Tulikaa kwenye sakafu ile chafu, yeye amekunja miguu, mabega yetu yakigusana, akanipa kalamu. Nikaanza na maji.